Wanaosema Mchu

Mwalimu Zaituni aliuliza swali lake kwa Kisomali, polepole, ili lisimpite mwanafunzi yeyote: ni nani hapa ambaye kwao nyumbani husemwa Kibajuni? Darasa zima likamtazama kana kwamba ameuliza ni nani aliyevunja kioo cha dirisha. Akangoja, akazungusha chaki vidoleni, akauliza tena. Safu ya pili alikaa Mulki, msichana ambaye bibi yake na mama yake Zaituni walichota maji kisima kimoja kule kisiwani Koyama. Mulki aliinamia daftari lake akaanza kupiga mstari kwa rula, mstari ambao hakuna aliyemwagiza.

Basi mwalimu akageukia ubao akaendelea na milinganyo. Yeye ni mwalimu wa hisabati, na hisabati haikungoja mtu kuona haya.

Tusiwalaumu watoto upesi. Kismayo si mahali pa kusimama darasani ukajitangaza kuwa wewe ni wa wachache. Wabajuni ni watu wa pwani hii tangu mababu, lakini hawana wingi wala mabavu, na mtoto hujifunza mapema kwamba Kisomali chake kikiwa kimenyooka, siku yake nayo hunyooka. Kibajuni akakiacha nyumbani pamoja na ndara za kuogea. Mwacha asili ni mtumwa, ndivyo wasemavyo wahenga, ila wahenga hawakusoma kidato cha tatu Kismayo.

Hata hivyo swali lile lilimuuma Zaituni, kwa sababu jibu lake alikuwa akilihitaji kwa moyo wote. Mama yake, Bi Saada, alikuwa amefariki mwaka uliopita. Tangu siku ile ya mazishi nyumba yake haikusikia neno la Kibajuni. Watoto wake mwenyewe wako Mombasa, na akiwapigia simu humwambia, "Mama, sema vizuri basi." Majirani zake ni watu wema, lakini wao ni Wasomali. Alikuwa na lugha nzima kichwani na hana wa kumpa.

Ndipo akaja Riyadh.

Riyadh ni kijana wa miaka ishirini na kitu, wazazi wake wa Koyama, lakini yeye alilelewa Ulaya na huko ndiko anakosomea shahada kubwa. Alifika shuleni na kinasa sauti kidogo mfukoni, heshima tele, na Kibajuni cha jikoni alichokisikia kwa mamake: anajua kuomba chumvi na kukataa chai ya pili, basi. Alitaka kurekodi wanafunzi wanaosema Kibajuni, awasimulishe hadithi, kisha apeleke sauti zao chuoni kwake zikahifadhiwe. Mkuu wa shule akampa chumba cha viti vibovu, na akamwambia Mwalimu Zaituni amsaidie kuwapata hao wanafunzi.

"Nataka kumi na watano, mama," Riyadh alimwambia. "Wawe wanafunzi, wazazi wakubali, na kila mmoja awe anakisema kila siku na mtu nyumbani. Hiyo ya mwisho ndiyo kubwa. Profesa wangu hataki watu wa kukumbuka, anataka watu wa kusema."

"Na wasipotimia?"

"Ataifuta Kismayo katika kazi yangu. Atasema huku lugha imekwisha, niende upande wa Kenya nikarekodi huko."

Kauli ile haikumtoka Zaituni. Imekwisha. Kwamba mahali fulani Ulaya pataandikwa kuwa Kibajuni cha visiwa vya huku kilizikwa na mamake. Hakutaka sifa wala shukrani. Alitaka jambo moja tu: mtoto wa hapa asikike akisema, na asikike kesho na keshokutwa.

Jioni zile aliikumbuka sana Koyama. Hakukumbuka mambo makubwa. Alikumbuka uwanja wa nyuma ya nyumba, wanawake wamenyoosha miguu mchangani wakisuka ukili wa mikeka, na harufu ya papa mkavu ikitoka kila dari. Mamake alikuwa akihesabu miyaa ya ukili kwa sauti, moya, mbili, chachu, nne, chano, na Zaituni mdogo alikaa pembeni akihesabu naye. Hivyo ndivyo alivyoingia katika hisabati, kwa ukili wa mkeka. Wanawake wale walikuwa na midomo. Mtu akipita na kanga mpya, atasemwa mpaka aingie kwake afunge mlango, na yeye mwenyewe ndani akicheka. Zaituni amesoma vitabu vingi tangu hapo, na hajakuta mahali maneno yalipokuwa matamu kama uwanja ule. Sasa darasani watoto huhesabu kwa Kisomali, kow, laba, sadeh, naye huhesabu nao, na si vibaya, kwani mbili ni mbili kwa lugha yoyote. Lakini humjia huzuni.

Akaanza kuzunguka majumbani. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Mishi, mama yake Mulki, muuza maandazi karibu na soko la samaki. Mishi ni Mbajuni kwa baba na kwa mama, mcheshi, mkali, na ulimi wake haujapata kutu.

"Wachaka mwanangu aseme nini?" Mishi aliuliza kwa Kibajuni, mikono yake ndani ya unga.

"Aseme tu. Hadithi, vitendawili, lolote. Kijana wa watu arekodi."

"Akisharekodi?"

"Yaende chuoni yakawekwe."

Mishi akacheka mpaka unga ukamwagika. "Dada Zaituni, nyumba hii Kibajuni alikuwa nacho mama mkwe, na mama mkwe tumemzika. Watoto wangu nawasemeza Kisomali tangu wako mgongoni. Sikuchaka wachekwe sokoni kama nilivyochekwa mimi. Leo uje uniambie hicho hicho nilichokificha ndicho chachakwa Ulaya?"

Zaituni alimsaidia kukusanya unga uliomwagika. Alikunywa chai yake akaaga. Nyumba ya pili baba alikuwa baharini na mama hatii sahihi bila yeye. Nyumba ya tatu walimpokea vizuri, wakamlisha, wakamwambia kwa Kibajuni safi kabisa kwamba hapa kwao hakuna anayesema Kibajuni. Nyumba ya nne hawakufungua mlango, na alisikia mtu akinong'ona ndani kwamba ni yule mwalimu wa kuhesabu Wabajuni. Siku zikaenda hivyo. Riyadh akawa anakaa chumbani mwake na viti vibovu, amewapata wanafunzi wanne.

Basi siku moja mambo yakageuka, na yaligeuka kwa neno Ulaya.

Mishi alikuwa amelirudia sokoni kwa kuchekesha watu tu. Lakini sokoni neno haliendi peke yake, huokota wenzake njiani. Kufika magharibi lilikuwa limeshakuwa habari kamili: kuna mtu ametoka Ulaya, anawahoji watoto wa Kibajuni, anawarekodi sauti, na wanaofaulu watasafirishwa, wao na wazazi wao. Na watu waliamini, kwa sababu jambo hilo si geni kwao. Kila ukoo una jamaa aliyewahi kukaa kambi ya wakimbizi Kenya akahojiwa hivyo hivyo kabla ya kusafirishwa: taja visiwa, taja samaki, sema tukusikie, tujue kama wewe ni Mbajuni wa kweli. Kuna waliofaulu, wako mbali, hutuma picha za theluji. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

Asubuhi yake Zaituni alikuta uwanja wa shule umejaa. Wanafunzi wake walikuwako, hata wale waliokuwa wameinamisha vichwa. Wa shule nyingine walikuwako. Akina mama walikuja na picha za pasipoti katika mifuko ya plastiki na kadi za chanjo za watoto. Kila pembe palikuwa na mzazi anamkaririsha mtoto.

"Usiseme mtu, sema mchu," mama mmoja alikuwa akimwambia bintiye. "Usiseme kitu, sema kichu. Ukisahau, nyamaza ulie kidogo, watakuhurumia."

Riyadh alitoka chumbani akashika kichwa kwa furaha. "Mama, tumepata! Wamefika zaidi ya mia."

Akamwingiza wa kwanza, kijana mrefu aliyejitambulisha kwa sauti kubwa. Alitaja visiwa kwa mpigo mmoja, Koyama, Ngumi, Chovai, Chula, kama anayesoma jedwali la kuzidisha. Kisha akaweka mkono kifuani akasema, "Chafadhali, mwalimu, mimi nachaka kusafiri."

Zaituni akauma upindo wa mtandio asicheke. Chafadhali! Mtoto wa watu alikuwa ameambiwa kwamba pale penye te Mbajuni hutia che, naye akazitia zote kama mpishi anayemwaga chumvi. Neno hilo hata Bi Saada hakuwahi kulisikia. Hakuwa Mbajuni wa mbali wala wa karibu, alikuwa jirani mwema aliyekuja kujaribu bahati. Riyadh naye akaanza kucheka, na katikati ya kicheko akaelewa.

"Wamedhani ni mahojiano ya safari," alisema.

"Ndivyo walivyodhani."

Riyadh akakaa juu ya kiti chenye miguu mitatu. Hakuwa kijana mbaya, na shauri alilolitoa hakulitoa kwa ubaya. "Lakini mama, karatasi inasema wazi hakuna safari. Wanaisaini. Mimi sikuwadanganya. Katika hawa wote, wale kumi na moja waliopungua, wa kweli, hawakosekani. Tukiwachukua hao, Kismayo inabaki katika kazi."

Alisema kweli. Pale uwanjani Zaituni aliwaona kwa macho yake, watoto wa watu wa Chovai, wa Chula, wajukuu wa mafundi na wa wavuvi wa Burgao, wako tayari kufunua vinywa. Alichokuwa akikitafuta mlango kwa mlango kimekuja chenyewe. Kilichobaki ni yeye kunyamaza tu.

Hakuweza. Na sababu yake haikuwamo katika karatasi.

Miaka ile ya vita, walipokimbilia kambi ya wakimbizi Mombasa, naye alipokuwa msichana, na wao waliitwa wakahojiwa: yeye, mamake na dadake Barke, kila mmoja chumba chake. Zaituni alikuwa ameshasoma shule ya Mombasa na ameshachekwa dukani kwa kusema mchu. Mbele ya mgeni aliyevaa tai aliona adabu ni kusema kwa usafi. Ukienda kwa watu huvai nguo ya jikoni, na maneno ni hivyo hivyo. Alipoulizwa yeye ni nani, alikaa sawasawa, akajibu kwa upole, "Mimi ni mtu wa Koyama." Chumba cha pili Barke, ambaye adabu hajawahi kukutana nayo, aliulizwa swali lile lile akafoka, "Mi mchu wa Koyama, kwani wanionaye?" Barke akafaulu. Mama akafaulu. Zaituni akaambiwa kwamba msemo wake ni wa Mombasa, kwamba si Mbajuni.

Bi Saada alikataa kupanda ndege na kumwacha mwanawe. Barke alikwenda peke yake, na hawajaonana mpaka leo ila kwa simu. Miaka yote iliyofuata, na hata waliporudi wakakaa Kismayo, mama alikuwa akimtania, kila Zaituni akikosea kupika au akichelewa, "Haya, njoo, mchu mwenye adabu." Hakumlaumu hata siku moja. Lakini kati ya siku ile ya mahojiano na siku ya jibu, Zaituni aliishi na tumaini kubwa ajabu, alinunua hata sweta, na jibu lilipokuja alijua tumaini la namna ile likivunjika linavyokata. Huwezi kumpa mtoto wa mtu jambo hilo ili upate sauti yake kwenye kinasa.

Akatoka, akapanda juu ya benchi. Alisema kwanza kwa Kisomali, kila mtu aelewe.

"Hakuna safari. Kijana huyu ni mwanafunzi, hana ndege wala viza. Anataka kuwasikiliza watoto wanavyosema, basi. Atawashukuru, na mtarudi majumbani kwenu kama mlivyokuja."

Uwanja ukanguruma. Wengine walisema mwalimu anaficha nafasi awape jamaa zake. Wengine walianza kutoka, mifuko ya picha kwapani. Kijana wa chafadhali alimpungia mkono kwa heshima akaondoka bila kinyongo. Lakini Mishi, aliyekuja na Mulki amemvisha nguo ya Idi, alisukuma watu akasimama chini ya benchi, akasahau kwamba kwa miaka mingi hasemi Kibajuni mbele za watu.

"Basi wachuchakiani, Zaituni? Nimemwamsha mchocho alfajiri, nimemfundisha usiku kucha maneno ya bibi yake. Kama hakuna kichu, kijana huyu achaka maneno yechu ayafanyeje? Ayapike?"

Na Zaituni akamjibu kwa lugha ile ile, mbele ya wanafunzi wake, hali hawajamsikia akiisema hata mara moja.

"Ayaweke. Mimi pia nayachaka. Tangu mama afe, Mishi, mi nyumbani sina mchu wa kusema naye. Naongea na sufuria. Nalichaka nisikie mchocho mmoja ayasema, nijue kwamba sikubaki peke yangu. Hilo ndilo nilichakalo, sina jingine la kuwapa."

Mishi alimshika Mulki mkono. Kisha akasema kwa upole kwamba maandazi yake yanaungua, akaenda zake. Kufika saa nne uwanja ulikuwa mweupe.

Wanafunzi wanne wa mwanzo walibaki. Wengine watatu walirudi baada ya kushauriana na wazazi wao langoni. Riyadh akawarekodi wote saba siku ile, kwa uangalifu, na Zaituni akikaa nje ya mlango alisikia hadithi ya sungura ikisimuliwa vibaya, na ilimpendeza kuliko chakula. Lakini saba si kumi na watano. Riyadh alizima kinasa, akatoka nje, akamwambia kwa huzuni ya kweli kwamba itambidi aende upande wa Kenya. Zaituni akamwambia aende salama, hakuna kosa alilofanya.

Walikuwa wakifunga chumba Mulki alipokuja. Alikuwa peke yake, bado amevaa nguo ya Idi, jasho limemtoka kwa kutembea. Alisimama mlangoni akasema kwa Kisomali kwamba mama amemruhusu, na karatasi mama ameitia dole. Riyadh akafungua tena, akamweka kitini, akaanza maswali yake kama desturi. Jina. Kidato. Umezaliwa wapi. Mulki alijibu kwa Kibajuni, taratibu kwanza, halafu kikamtoka. Na hakikuwa cha kukariri. Kilikuwa cha Koyama hasa, chenye mvuto mwishoni mwa kila kauli, wazee wake walivyokuwa wakivuta. Zaituni aliinuka bila kujua ameinuka. Riyadh naye alikuwa ameacha kuandika, anatabasamu.

"Huyu ndiye niliyemtafuta," alisema. Akauliza swali la mwisho, lile kubwa. "Na wewe kila siku wakisema na nani?"

Mulki akaangalia ukutani, akaangalia mikono yake.

"Nalikuwa nikisema na bibi. Mama alipokwenda sokoni, swiswi wawili twasema mpaka achukute akirudi. Bibi kafa. Sasa sina mchu."

Zaituni alikuwa amekwenda mazishini kwa bibi huyo, alikuwa amepika matangani, na kila asubuhi alikuwa akimwona msichana huyu safu ya pili akipiga mistari. Haikumjia hata mara moja kwamba wote wawili wamefiwa na kitu kimoja.

Riyadh alishika kalamu juu ya karatasi, hakuishusha. "Mama," alisema kwa Zaituni, "kanuni inataka awe na mtu. Kila siku. Siwezi kuandika uongo."

"Usiandike," Zaituni alisema. "Acha pale pawe wazi. Nenda Kenya ukafanye kazi yako, na mwakani ukipata nauli rudi umuulize tena."

Kisha akamgeukia Mulki na kumuuliza, kwa Kibajuni, saa ngapi huwa hana kazi ya mama. Mulki alisema baada ya alasiri. Akauliza kama aje na vitabu vya hisabati.

"Viache," Zaituni alimwambia. "Njoo na njaa."